Hashishi Juu ya Jiko la Bibi Fenya

Sanduku lilikuwa tupu.

Naam, msomaji. Wiki nzima umekaa unajiuliza Tasia aliona nini alipofungua mlango wa stoo ya baridi akapiga yowe. Hakuona maiti. Hakuona mwizi. Aliona sanduku la kadibodi likiwa wazi, na ndani yake hakuna kitu. Trei mbili za hashishi zilikuwa zimetoweka.

"Tasia!" Sauti ya baba yake ikatoka chumbani. "Kuna nini huko?"

"Panya, Baba!"

"Panya gani anakufanya ulie kama king'ora?"

"Mkubwa!"

Kwa aliyeanza kutusoma leo, mambo yako hivi. Saveli, baba yake Tasia, ana saratani iliyoingia kwenye mifupa. Dawa ya maji aliyopewa na daktari inaondoa maumivu, lakini inamwondoa na yeye. Akinywa kijiko kimoja analala hadi kesho, na akiamka anaongea na watu waliokufa zamani. Na leo, Jumamosi, saa tisa alasiri, mwanawe Timo anarudi nyumbani baada ya miaka kumi na nne. Saveli ana maneno ya kumwambia. Anataka kuyasema akiwa macho, na akili zake zote kichwani.

Hashishi ya mmea wake mwenyewe wa bangi ndiyo pekee inayomtuliza bila kumlaza. Ya dukani amejaribu, inampa woga na mapigo ya moyo. Na mmea ule ulikuwa wa mwisho. Mbegu hakuna, vipandikizi vimekufa. Jumatatu Tasia na jirani yao Corbin waliutia ukiwa umegandishwa kwenye pipa la maji na barafu, wakaukoroga kwa kasia la mtumbwi mpaka mikono ikafa ganzi, wakachuja kwa mifuko ya matundu madogo, mmoja baada ya mwingine, wakapata utomvu wa kujaza viganja viwili. Tasia akaupeleka stoo kukauka kwa baridi, taratibu.

Siku tano. Sasa sanduku tupu.

Tasia akapiga magoti, akapapasa sakafu. Hata chembe. Karatasi ilizolalia nazo hazipo, trei nazo hazipo. Panya habebi trei.

Mtu aliyekuwa ameamka kabla yake alikuwa mmoja tu. Bibi Fenya, mama yake Saveli, umri miaka themanini na miwili. Hajavuta wala hajaonja pombe tangu azaliwe, kama mama yake, kama watu wote wa nyumba yao ya sala. Jumatatu alisimama mlangoni akiwatazama wakikoroga, akasema neno moja: "Aibu." Kisha akaenda zake.

"Ameitupa," Tasia akasema peke yake. "Ameitupa mtoni."

Akakimbia jikoni.

Alipofungua mlango alikutana na wingu. Sufuria tatu za supu nyekundu zilikuwa zinatokota kwa pamoja, madirisha yanatiririka maji, huoni hata ukuta wa pili. Katikati ya mvuke huo, Bibi Fenya, kitambaa cheupe kichwani, alikuwa anakata kabichi kama mtu anayelipiza kisasi.

"Bibi, iko wapi?"

"Na wewe habari za asubuhi."

"Bibi, nakuuliza iko wapi!"

"Funga mlango. Baridi inaingia."

"Umeitupa?"

Kisu kikasimama. Bibi Fenya akageuka polepole.

"Nitupe kitu cha mwanangu? Mimi?" Akanyoosha kisu juu. "Una macho ya nini?"

Tasia akainua uso. Juu ya jiko la kuni kulikuwa na zile nyaya ambazo bibi yake hukaushia uyoga na vipande vya tufaha kila mwaka. Juu ya nyaya, zikipokea moto wote wa jiko na mvuke wote wa supu, zilikuwa trei zake mbili.

"Mungu wangu."

"Nimekusaidia," bibi akasema, na sasa sauti ilikuwa na fahari kidogo. "Nimeamka kuchukua siagi, nikafungua lile boksi lako. Siku tano, bado mbichi kama mchanga wa mtoni! Nikasema huyu mtoto hajui kukausha. Mimi nakausha uyoga tangu nina miaka sita."

"Bibi, hii siyo uyoga!"

"Kila kitu kinachokauka kinakauka kwa joto."

"Hii inayeyuka kwa joto!"

Tasia alipanda kiti, akashusha trei ya kwanza. Jana usiku ilikuwa chembechembe zenye rangi ya asali mbichi, zimeachana moja moja kama mchanga. Sasa lilikuwa dongo jeusi linalong'aa, limeshika karatasi kama lami. Akaminya kwa kidole. Kikatoka tone la maji.

Akashusha ya pili. Vilevile.

"Umeiua," akasema.

"Usinisemeshe hivyo."

"Umeiua, Bibi! Zilibaki saa chache tu! Ulisubiri nini Jumatatu, si ungeimwaga tu tukajua moja!"

Bibi Fenya akajipangusa mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini.

"Miaka themanini na miwili mkono huu haujagusa kitu hicho. Leo nimekigusa. Nimekinusa. Nimekipanga juu ya jiko langu ninalopikia chakula cha sala. Unafikiri nilifanya kwa ajili ya nani?"

Tasia akaziweka trei mezani.

Kisha ukaja. Kutoka chumbani, mlio ule ambao siku hizi kila mtu ndani ya nyumba aliujua. Siyo kelele. Ni kama mtu anayenyanyua kitu kizito kumzidi nguvu.

Wote wawili wakakimbia.

Saveli alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika godoro, jasho usoni. Mwanamume aliyekuwa anabeba magogo peke yake sasa shati lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu, Baba."

"Bado sita." Akavuta pumzi. "Imekauka?"

Tasia akamtazama bibi yake. Bibi akatazama dirisha.

"Karibu," Tasia akasema.

"Karibu ya kweli au karibu ya panya?"

"Baba, pumzika."

"Mwanangu," Bibi Fenya akaingilia, tayari ana chupa ya dawa mkononi, "kunywa nusu kijiko. Nusu tu."

"Mama, nikinywa nusu, Timo atakuta gogo linakoroma. Amesafiri siku mbili kuja kutazama gogo?"

"Atakusubiri uamke."

"Yule? Yule hasubiri. Akikaa usiku mmoja ndani ya nyumba hii, nitashukuru. Nina saa moja yake, labda mbili. Nataka kuzitumia nikiwa mtu." Akamgeukia binti yake. "Niletee hashishi yangu, Tasia. Hata kidogo. Hata kama haijakamilika."

Tasia alitoka chumbani.

Na hapo ukumbini, msomaji, ndipo bibi alipomshika mkono.

"Muulize yule mchumba wako."

"Sina mchumba."

"Yule uliyemrudishia pete. Corbin. Jumatatu alipoondoka alikuwa anatembea hivi." Bibi Fenya akabana mkono wa kushoto ubavuni, akatembea kama kuku aliyeumia bawa. "Nikajiuliza, huyu kijana ana jipu? Kumbe ana chupa ndani ya koti."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni pombe. Nikasema ni shauri lake na Mungu."

Tasia akakumbuka. Mfuko wa tatu. Jumatatu walipokunjua mfuko wa tatu, ambao kwa kawaida ndio unaoshika utomvu safi kuliko yote, ulikuwa na kijiko kimoja tu. Corbin alisema, "Mwaka mbaya." Naye akamwamini.

Hakungoja kufunga koti.

Corbin anakaa ng'ambo ya barabara, nyuma ya misonobari. Theluji ilikuwa inafika magotini na hakuna aliyekuwa ameikwangua. Tasia alifika kwake amelowa hadi mapajani. Akaingia bila kubisha.

"Karibu, mrembo," Corbin akasema, miguu juu ya meza, kikombe mkononi. "Umekuja kuchukua pete yako?"

"Nimekuja kuchukua chupa yangu."

"Chupa gani?"

"Uliyobeba ndani ya koti kama kuku mgonjwa."

Kikombe kikasimama njiani. "Nani kasema?"

"Bibi."

"Bibi yako haoni mita mbili."

"Hiyo aliiona kwa mita ishirini. Iko wapi?"

Corbin alimtazama akipima kama adanganye au la. Kisha akashusha miguu.

"Nilichukua ya mfuko mmoja tu."

"Wa tatu."

"Ndiyo, wa tatu."

"Ule mzuri kuliko yote!"

"Sasa ningeiba mbaya?"

Tasia alimpiga kofi la bega, kwa nguvu zote, na Corbin hakujikinga.

"Kesho kuna mkutano mjini Nelson," akasema akijisugua. "Watu wote wa bonde wanaweka hashishi zao mezani, zinatazamwa, zinavutwa, zinasifiwa. Baba yako alikuwa anatajwa huko kila mwaka. Mimi kila mwaka naambiwa, 'Asante kwa kuja.' Nilitaka siku moja, Tasia. Siku moja nitajwe mimi."

"Kwa mmea wa mtu anayekufa."

Hilo lilimwingia. Aliinuka, akaenda kwenye rafu iliyokuwa karibu na jiko, akashusha chupa ya jamu. Akaiweka mezani.

Tasia alipoiona alisahau hasira. Ilikuwa nzuri, msomaji. Nyeupe inayoelekea njano, laini, imesimama ndani ya chupa kama theluji ya kwanza.

"Imekauka?" akauliza kwa hofu ya mtu anayeogopa kufurahi.

"Imekauka kabisa."

"Wapi?"

"Kwenye friji. Ndani ya boksi la piza."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Tatu! Ya kwangu siku tano stoo ilikuwa bado!"

"Friji yangu mpya. Angalia ilivyo nyeupe, Tasia. Ingekuwa mbichi ingekuwa nyeupe hivyo?"

Alitaka kumwamini. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro. Akachukua chupa.

"Vaa viatu," akamwambia. "Utamwambia baba mwenyewe."

Njiani Corbin alitangulia akikanyaga theluji ili Tasia apite kwenye nyayo zake, na Tasia alichukia kwamba alifanya hivyo.

Walipofika, Saveli alikuwa amelala ubavu, macho wazi, midomo imekauka. Bibi Fenya alikuwa kitini karibu naye, kijiko mkononi, kama askari wa lindo.

Tasia akampa baba yake chupa. Corbin akasema yake yote akitazama viatu vyake.

Saveli akasikiliza mpaka mwisho.

"Umeniibia," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Ingekuwa bado stoo ningekuwa sina kitu, nimesikia makelele ya jikoni. Panya mkubwa." Akamkonyeza binti yake. Kisha akaingiza mkono chini ya mto akatoa kioo chake kidogo cha kukuzia, kile alichotumia miaka arobaini kutazama utomvu. "Fungua pazia."

Alichota chembe kwa ncha ya kisu. Akaiweka chini ya kioo. Akatazama.

Alitazama muda mrefu mno.

"Nani alikausha hii?"

"Mimi," Corbin akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanyoosha mgongo.

"Na ukaitia kwenye chupa lini?"

"Alhamisi. Nikaiweka karibu na jiko, ili niwe naiona."

"Njoo uione basi."

Corbin akainama kwenye kioo. Tasia aliona shingo yake ikibadilika rangi kabla hajasema lolote.

"Chembe ya utomvu imekaa kama pini," Saveli akasema, kwa utulivu wa mwalimu. "Kijiti na kichwa. Unaona vichwa?"

"Naona... naona nyuzi."

"Nyuzi. Weupe wako wote huo ni nyuzi. Uliifunga na maji yake ndani, ukaipa joto. Huo ni ukungu, kijana. Tasia, daktari alisema nini kuhusu kifua changu na ukungu?"

Tasia hakutaka kusema.

"Sema."

"Kwamba ukiingia kwenye mapafu yako, hutamaliza wiki."

Saveli akacheka, kicheko kilichomuumiza na hakukizuia.

"Kuniibia nimekusamehe, Corbin. Lakini kuiba hashishi ya namna hii halafu ukaikausha siku tatu! Hilo nenda nalo Nelson, ukaombe msamaha kwa umma."

Corbin alichukua chupa, akatoka nayo nje, na waliisikia ikipasuka kwenye ukuta wa banda. Hakurudi ndani.

Saa zikaenda. Saa sita. Saa saba. Saveli aliacha kufanya utani. Saa nane kasoro aliacha kuongea. Alikuwa anauma kona ya blanketi, na kila pumzi ilitoka na mlio. Bibi Fenya alimfuta jasho, akakaa, akasimama, akakaa.

"Tumpe dawa," akamnong'oneza Tasia. "Siwezi. Nimemzaa mimi. Siwezi kutazama hivi."

"Bibi, atalala."

"Alale! Timo nitamwambia mimi hayo maneno!"

"Huyajui."

"Basi yasisemwe!" Alisema haraka, kwa ukali ambao Tasia hakuuelewa. Weka alama hapo, msomaji.

Simu ikalia. Tasia akaidaka.

"Nimepita daraja la Crescent Valley," sauti ikasema. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. "Barabara nzuri kuliko nilivyodhani. Nusu saa."

"Timo—"

"Yupo macho?"

"Yupo."

"Sawa." Akakata.

Kitandani, Saveli alikuwa amefungua jicho moja. "Niletee ya mama," akasema.

"Nini?"

"Ya mama. Ile ya jikoni."

"Baba, ile imeharibika! Imeyeyuka, imenyonya mvuke, ndani ina maji. Utaitazama utalia."

"Ina ukungu?"

Tasia akawaza. Siku tano kwenye baridi kali, hakuna ukungu. Asubuhi moja juu ya jiko, ndipo ilipolowa. Ukungu hauoti kwa asubuhi moja.

"Leo haina," akasema polepole. "Lakini haitakaa. Keshokutwa itaanza kuota. Haifiki wiki, Baba."

"Na nani kakuambia mimi naihitaji wiki?"

Akakimbia akaileta, ikiwa bado imegandana na karatasi. Saveli akaitazama chini ya kioo, akaigeuza, akatazama tena. Nyeusi, mbaya, safi.

"Mama," akasema, "umepika lami."

"Nilifuata namna ya uyoga," Bibi Fenya akajibu, na machozi yalikuwa yanamshuka waziwazi.

Tasia akakata kipande kama punje ya mbaazi, akakitia kwenye kiko. Saveli akashika kiberiti. Njiti ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikavunjika.

"Lete hapa," Bibi Fenya akasema.

Alichukua kiberiti. Akawasha njiti, akageuza uso wake pembeni hadi shingo ikakaza, akasogeza moto bila kuutazama. Dongo likachachatika kama mafuta yaliyodondokewa maji, likatema, likatoa moshi mzito wenye harufu ya msonobari na kitu kingine kitamu kinachokaribia kuoza. Saveli akavuta. Akakohoa mpaka akainama. Akavuta tena.

Wakangoja.

Dakika tano, hakuna kitu. Dakika kumi, vidole vyake vikaachia blanketi. Kimoja. Kingine. Mabega yakashuka. Kisha akafungua macho yote mawili, akatazama chumba kana kwamba amerudi kutoka safari.

"Tasia."

"Baba?"

"Leo Jumamosi. Saa nane na nusu. Wewe umevaa sweta yangu bila ruhusa." Akatabasamu. "Niko hapa. Niletee wembe. Simpokei mwanangu na ndevu za mchungaji."

Bibi Fenya alikwenda sebuleni kuweka mkate, chumvi na maji mezani, desturi yao ya kumpokea mgeni. Tasia alimnyoa baba yake. Moshi ulikuwa umejaa nyumba nzima, umeingia kwenye mapazia, kwenye nywele, kwenye mkate. Hakuna aliyefikiria kufungua dirisha. Walishauzoea.

Gari likasikika.

Tasia alifika mlangoni akiwa na povu la sabuni mkononi. Akafungua. Timo alikuwa kwenye ngazi ya mwisho, mkubwa, mvi kidogo masikioni, mfuko begani, na mdomo wake ulikuwa umeanza kutabasamu.

Kisha akanusa.

Tabasamu likafa.

"Bado," akasema.

"Timo, ingia, ni kwamba Baba—"

"Miaka kumi na nne. Njia nzima nilikuwa najiambia, nikikaribishwa na harufu ile, nageuza." Akashusha pumzi. "Sheria imebadilika, najua. Kila mtu anapanda mimea yake minne nyumbani, anaishi raha. Mimi nilifungwa kwa harufu hii nikiwa na miaka kumi na tisa. Msalimie."

Akageuka. Akashuka ngazi. Akatupa mfuko ndani ya gari.

"Timo!"

Injini ikaguruma. Tasia aliruka ngazi, akakimbia mbele ya gari, akapiga boneti kwa viganja viwili.

"Utanikanyaga kwanza!"

"Toka, Tasia."

"Amevuta ili akusubiri! Ili awe macho! Mjinga wewe, ni kwa ajili yako!"

Timo akaweka gia ya nyuma. Magurudumu yakazunguka, theluji ikaruka, gari likaanza kurudi taratibu kuelekea barabarani, na Tasia analifuata akiwa amelishika kama mtu anayeshikilia ng'ombe pembe.

"TIMOFEI!"

Sauti haikuwa ya Tasia.

Gari likasimama.

Kwenye kizingiti, akiwa na povu shavu moja, miguu peku, alikuwa amesimama mtu ambaye hajatembea hata hatua tangu theluji ya kwanza. Saveli alishuka ngazi moja. Akashuka ya pili. Akakanyaga theluji kwa nyayo tupu wala hakushtuka.

Nyuma yake, mlangoni, Bibi Fenya alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Ile mimea ya siku ile ilikuwa yangu!" Saveli akapaza sauti, wazi, kila neno limekamilika. "Siyo yako. Yote yangu. Nilikaa kimya polisi walipokutia pingu, nikakaa kimya mahakamani, nikakuacha useme ni yako. Nasema sasa, mbele ya mama yangu na dada yako. Niliogopa. Mimi ndiye niliyestahili kwenda."

Dirisha la gari likateremka.

Timo alimtazama baba yake. Uso wake haukuonyesha kushangaa.

"Hilo nalijua, Baba," akasema. "Nililala nalo miezi kumi na minne ndani. Nilishakusamehe, sijui lini. Sikuja kwa ajili ya hilo."

Saveli akayumba. "Basi umekuja kwa nini?"

Timo aliingiza mkono ndani ya koti akatoa bahasha ya kahawia, imekunjwa mara nyingi.

"Mwaka huu nilipata karatasi zote za kesi yangu. Kuna ukurasa unaosema polisi walivyojua. Walipigiwa simu." Sasa hakuwa anamtazama baba yake. Macho yake yalipita juu ya bega la Saveli, yakaenda mlangoni. "Namba iliyopiga ni ya nyumba hii. Asubuhi. Wewe na Tasia mlikuwa mjini, na mimi nilikuwa bado nimelala."

Tasia akageuka. Saveli akageuka.

Bibi Fenya alirudi nyuma hatua moja. Akarudi hatua nyingine, akaingia kwenye giza la ukumbi.

Mlango ukafungwa.

Na Saveli, amesimama peku kwenye theluji, akasikia komeo likisukumwa kwa ndani.